Siku nne za kuandika uchungu, na kwa nini «mawazo» si mawazo

Kaka yangu alifariki mwezi wa pili mwaka uliopita, hapa Lubumbashi. Kilio kilipokwisha na wageni kurudi kwao Likasi na Kolwezi, nilirudi darasani, lakini nilikuwa naangalia ubao tu. Mama mkubwa aliniambia maneno ambayo kila mtu wa mji huu amekwisha kuambiwa: «Usikuwe na mawazo mingi, mwanangu.» Niliitikia kwa heshima. Lakini mtu anayesoma isimu hana bahati, sentensi ikimgusa haimwachi. Mtu anawezaje kukatazwa kuwa na mawazo? Na ilikuwaje, katika Kiswahili chetu, «mawazo» yakawa jina la ugonjwa?

Wakati huo huo mwalimu mmoja wa kitivo alinipa makala kuhusu tiba ya kuandika. Nilidhani ananipa faraja. Kumbe alikuwa ananipa somo la isimu, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu naamini sehemu yake kubwa bado inasubiri watu wa lugha za Kiafrika.

Kwanza nafasi ya tiba hiyo. Watafiti huiweka katika kundi la tiba za mwili na akili, pamoja na kutafakari kwa utulivu, yoga, taichi na mazoezi ya kupumua. Wazo lao la msingi ni kwamba yanayopita akilini hugusa mwili, kupitia mapigo ya moyo, usingizi, homoni na kinga ya mwili, na kwamba jambo hilo linaweza kupimwa. Nchini Marekani serikali ina kituo cha kuchunguza tiba za namna hii. Kilianza mwaka 1992 kama ofisi ndogo, kikawa kituo kamili mwaka 1998, na mwaka 2014 kikabadilishwa jina. Katika jina jipya neno lenye maana ya «mbadala» liliondolewa, likaingia neno lenye maana ya kuunganisha. Si urembo. Tiba mbadala huchukua kiti cha dawa, na tiba ya nyongeza hukaa kando yake. Katika redio zetu yote mawili huitwa «tiba mbadala», na kosa hilo la msamiati linaweza kuua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulifuata watu waliokuwa na saratani ambazo bado hazijasambaa mwilini. Waliochagua tiba mbadala peke yake, wakaacha ile ya hospitali, walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao. Basi ninapotaja tiba katika makala hii, ninataja kitu cha kuongezea, hata siku moja si cha kuchukua nafasi.

Sasa jaribio lenyewe. Mwaka 1986 James Pennebaker, mwanasaikolojia aliyekuwa akifundisha Dallas, alichapisha na Sandra Beall matokeo ya kazi waliyofanya na wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi aliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida, kama kueleza chumba au viatu vyao. Makundi mengine matatu yaliandika juu ya tukio baya kuliko yote maishani mwao: moja lilitaja matukio bila hisia, moja hisia bila matukio, na la mwisho vyote viwili pamoja. Hakuna aliyesahihisha tahajia, hakuna aliyetoa alama. Halafu watafiti wakahesabu ni mara ngapi kila mwanafunzi alikwenda kwenye zahanati ya chuo katika miezi sita iliyofuata. Kundi la mwisho, lililounganisha tukio na hisia zake, lilikwenda mara chache kuliko mengine.

Jambo moja husahauliwa na watu wanaopenda kusimulia habari hii. Mara tu baada ya kuandika, kundi lile lile lilikuwa na huzuni zaidi na shinikizo la damu lililopanda. Kuandika hakukuwatuliza jioni ile. Nafuu, kama ilikuwepo, ilikuja baadaye.

Majaribio mengi yalifuata. Lililovuma zaidi ni la Joshua Smyth na wenzake, lililochapishwa mwaka 1999, kwa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi. Waliandika dakika 20 kwa siku tatu huku wakiendelea na dawa zao. Baada ya miezi minne, kati ya wagonjwa 70 walioandika juu ya matukio mazito, 33 walikuwa wamepata nafuu ambayo daktari anaweza kuiona, yaani asilimia 47. Kati ya 37 walioandika juu ya ratiba yao ya siku, waliopata nafuu kama hiyo walikuwa 9, asilimia 24. Msomaji wa haraka angesema kesi imekwisha. Haijakwisha. Mwaka 2005 wachunguzi waliokusanya majaribio mengi hawakuona faida iliyo wazi kwa afya. Mwaka uliofuata Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146, akapata faida ipo lakini ni ndogo sana kwa wastani: uhusiano wa 0.075, ambao kwa macho ya mtu mmoja mmoja hauonekani kabisa. Mimi naisoma hivi: kuna watu wanaosaidika sana, kuna ambao hawasaidiki, wachache pengine huumia, na wastani huwafunika wote kwa blanketi moja. Swali linalobaki ni nani anasaidika, na anaandika nini.

Hapo ndipo maneno yanapoingia.

Pennebaker na mwenzake Martha Francis walichoka kusoma daftari kwa jicho, wakatengeneza programu ya kompyuta inayohesabu maneno. Programu hiyo ina kamusi iliyogawanywa katika mafungu: maneno ya furaha, ya huzuni, viwakilishi, maneno ya sababu kama «kwa sababu» na «matokeo», maneno ya utambuzi kama «naelewa», «nafikiri», «nimegundua». Inapita katika maandishi neno kwa neno na kutoa asilimia ya kila fungu. Katika miaka ya 1990 walitangaza walichokiona. Waliopata afya nzuri zaidi hawakuwa wale waliomwaga huzuni nyingi kuliko wenzao. Walikuwa wale ambao maneno yao ya sababu na ya utambuzi yaliongezeka kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Aliyeanza tayari ana hadithi iliyopangwa vizuri hakufaidika kama aliyeanza na vipande, akavishona siku baada ya siku. Mwaka 2003 yeye na Sherlock Campbell waliongeza la viwakilishi: waliobadilisha matumizi yao siku kwa siku, leo «mimi» nyingi, kesho «yeye» na «sisi», ndio walioonyesha afya bora baadaye. Ni kama mtu aliyezunguka jambo lake akaliangalia kutoka pande mbalimbali.

Kamusi ya programu imekwisha kutafsiriwa katika Kihispania, Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine. Mwanafunzi mwenye haraka atasema: tuitafsiri na kwa Kiswahili, tuanze kuhesabu. Nilikuwa mwanafunzi huyo kwa muda wa wiki mbili hivi.

Chukua sentensi moja: «Sikumwambia.» Mwingereza anahitaji maneno matano kusema hivyo, na programu yake itakuta humo «mimi», itakuta ukanushi, itakuta «yeye». Sisi tuna neno moja. Si- ni mimi na ukanushi kwa pamoja, -ku- ni wakati uliopita, -mw- ni yeye, halafu kitenzi. Programu inayokata maandishi penye nafasi nyeupe italitazama neno hilo kama mtu anavyotazama sanduku lililofungwa. Ukiipa kazi ya kuhesabu «mimi» peke yake, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa katika Kiswahili «mimi» husimama peke yake hasa pale msemaji anapotilia mkazo au kujitofautisha na wengine. «Mimi sikumwambia» maana yake labda wewe ulimwambia. Basi ungekuwa unahesabu mkazo, ukidhani unahesabu nafsi. Na hapa kwetu, ambako «miye» husikika mdomoni mara nyingi, hesabu ya Lubumbashi na hesabu ya Unguja hazingelingana hata kama uchungu ni ule ule.

Sababu nayo hukaa mahali pengine. Lugha yetu huiingiza ndani ya kitenzi. Kulia na kuliza, kuumia na kuumiza, kuanguka na kuangusha: kila jozi ina tofauti ya nani amefanya nini kwa nani, wala hutaona «kwa sababu» popote. Vilevile tuna njia nzuri mno ya kumficha mtendaji. Glasi ilivunjika. Nani aliivunja? Kitenzi kimekataa kusema. «Ilivunjwa» inakubali kwamba yupo mtu, bila kumtaja. «Niliivunja» inamtaja. Kwa maoni yangu, safari kutoka «ilivunjika» hadi «niliivunja» ni safari ile ile ambayo Pennebaker aliitafuta katika «kwa sababu», ila sisi tunaisafiri ndani ya neno moja.

Kiswahili cha mjini kina mitego yake. Hapa Lubumbashi wengi tunasema «juu» pale ambapo kitabu husema «kwa sababu», na «njo maana» badala ya «ndiyo maana». Lakini «juu» pia ni juu ya meza. Mashine haitajua.

Kwa upande mwingine tuna zawadi ambayo kamusi ile haina: «kumbe». Sijui neno zuri zaidi la kuonyesha kwamba akili imegeuka sasa hivi, hapa hapa katikati ya sentensi. Anayesema «nimeelewa» anaweza kuwa anamridhisha mwalimu. Anayesema «kumbe» amenaswa akiwa anaelewa. Kama kuna siku mtu atatengeneza fungu la maneno ya utambuzi kwa Kiswahili, namwomba aanzie hapo, na asilitafute katika kamusi ya Kifaransa.

Nirudi kwa mama mkubwa na mawazo yake. Ukitafsiri fungu la utambuzi neno kwa neno, «fikiri» na «mawazo» yataingia humo kama alama za kupona. Lakini mtu wa hapa akisema «niko na mawazo mingi», hasemi kwamba anaelewa vizuri. Anasema halali usiku, hali chakula, roho inamwuma. Hesabu ingepanda kadiri anavyozidi kuugua, na sisi tungeandika kwamba anapata nafuu. Si kosa dogo la tafsiri: matokeo yote ya utafiti yangegeuka juu chini.

Wenzetu wa Zimbabwe waliliona hilo mapema. Katika Kishona maradhi ya namna hii huitwa «kufungisisa», kufikiri kupita kiasi. (Msemaji wa Kiswahili asidanganyike na mlango, katika Kishona «kufunga» ni kufikiri.) Daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake mjini Harare walianzia kwenye neno hilo. Waliwafundisha wanawake wazee wa jamii, wanaoitwa bibi, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Hatua za mazungumzo zina majina ya Kishona: «kuvhura pfungwa», kufungua akili, halafu kuinua, halafu kutia nguvu. Hata dodoso la kupima wagonjwa lilijengwa kutokana na jinsi Washona wenyewe wanavyotaja maumivu yao. Jaribio lao, katika zahanati 24 na watu 573, lilichapishwa mwaka 2016 na lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache waziwazi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sidai kwamba neno ndilo lililowaponya. Nasema kwamba bila neno hilo wasingejua wanapima nini.

Na mimi niliandika. Nitaeleza kwa ufupi, kwa kuwa si ushahidi, ila ni mfano wa sarufi. Usiku wa kwanza niliandika kwa Kifaransa, lugha ya mitihani, na ikatoka kama taarifa ya hospitali. Kaka alikuwa amenipigia simu jioni moja kabla hajafa, na niliandika kitu chenye maana ya «simu haikupokelewa». Usiku wa pili nilihamia Kiswahili cha vitabu: «Sikuipokea simu yake.» Usiku wa tatu lugha ya nyumbani iliingia bila kubisha: «Miye njo sikupokea, juu nilichoka kuombwa falanga.» Nililala vibaya sana usiku ule. Usiku wa nne niliandika: «Kumbe sikuchoka. Nilikuwa namuogopa tangu alianza kukonda.»

Katika utafiti wa Jean-Marc Dewaele na Aneta Pavlenko, ulioanza mwaka 2001 na kuuliza zaidi ya watu 1500 wenye lugha nyingi, wengi walisema lugha ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi wa hisia. Hilo linalingana na daftari langu: Kifaransa kilinipa umbali, Kiswahili cha nyumbani kikanisogeza. Umbali nao una kazi yake, sikatai. Pengine bila usiku wa kwanza nisingefika wa tatu.

Je, niliponywa na kuandika? Nilianza kusoma tena baada ya wiki tatu hivi. Lakini katika wiki hizo hizo mama alikuja kukaa nami, nikawa nakula bukari mara mbili kwa siku, na muda nao ulikuwa unapita, na muda hufanya kazi yake bila kuomba mshahara. Ndiyo maana jaribio la 1986 lilihitaji watu walioandika juu ya viatu vyao. Bila wao, kila mtu aliyepona angesema ni daftari.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi na sisi kuliko Dallas. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika mashariki mwa nchi yetu na wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika vijiji 7 wanawake 157 walipata tiba ya kikundi, na katika vijiji 8 wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 tu ya kundi la kwanza walikuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya kundi la pili. Tiba yenyewe ilibuniwa Marekani na Patricia Resick, na katika umbo lake la asili mgonjwa huandika nyumbani kwa nini anadhani jambo lile lilimpata: kazi ya maneno ya sababu tupu. Huko kwetu ilirahisishwa ili iwafae wasiojua kusoma wala kuandika, mambo yakashikwa kwa kichwa na kusemwa kwa mdomo. Walioiendesha walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapo hapo, wakisimamiwa na wataalamu. Tusichanganye mambo: hiyo ni tiba kamili ya vikao 12 yenye msimamizi, si daftari la mwanafunzi chumbani.

Na onyo linatoka upande huo huo. Kuna desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya maafa na kuwafanya wasimulie yote kwa kikao kimoja. Tafiti zilizokusanywa miaka ya 2000 hazikuona faida yake, na baadhi zilionyesha kwamba inaweza kudhuru. Anayetaka kukusanya maandishi ya uchungu kwa ajili ya tasnifu yake, nami nimo, ajibu kwanza nani atakaa na mwandishi baada ya daftari kufungwa, na karatasi zile zitalala wapi.

Kwa sasa sikusanyi uchungu wa mtu. Ninakusanya viungo tu: vya sababu, vya utambuzi, na vitenzi vinavyoficha au kutaja mtendaji, kama vinavyosemwa nyumbani. Nina orodha ya Lubumbashi na Likasi. Wenzangu wa Kalemie, Kindu, Bukavu na Goma, niambieni: kwenu «juu» ni sababu pia? Na mkigundua kitu ghafula, mnasema «kumbe», au mna neno lingine?